Aliyeimba apewe jina la mtunzi? Tuanze na Otis Blackwell

Mleta mada:
Wadau, hili linaniuma na naomba tulijadili kwa hoja. Mwaka 1956 Elvis Presley alitamba na "Don't Be Cruel". Wimbo ni wa Otis Blackwell, mtunzi mweusi wa Brooklyn, New York, aliyeimba demo (rekodi ya majaribio) ndipo Elvis akausikia. Lakini soma majina ya watunzi: Blackwell na Presley. Mirabaha, yaani malipo ya haki za wimbo, ikagawanywa.

Songwriters Hall of Fame, iliyoanzishwa 1969 kuwaenzi watunzi, ilimwingiza Blackwell 1991. Walau alikuwa hai. Jesse Stone, aliyetunga "Shake, Rattle and Roll" kwa jina la Charles Calhoun, alifariki 1999, wakamkumbuka 2010! Sharti lao ni miaka 20 tangu wimbo wa kwanza utoke, na hata "Shake, Rattle and Roll" ulitoka 1954. Hesabu wenyewe.

Msimamo wangu: tuzo haimrudishii mtunzi nusu iliyochukuliwa. Jina la asiyetunga lifutwe.

Mchangiaji wa kwanza:
Nakupinga. Bila sauti ya Elvis, nani angeujua wimbo huo? Blackwell aliridhia, na nusu ya wimbo uliouza mamilioni ni bora kuliko wimbo mzima uliolala kabatini. Halafu hata yeye alicheza na majina: wimbo wa "Fever" wa 1956 alisaini kwa jina la John Davenport.

Mleta mada:
Davenport lilikuwa jina la baba yake wa kambo. Alilitumia kwa sababu alikuwa amefungwa na mkataba kwa mchapishaji (kampuni inayosimamia haki za nyimbo) mwingine. Alificha jina lake, hakuchukua jasho la mtu. Na kuridhia kwa mtu mwenye njaa ya kazi mbele ya nyota mkubwa, mimi siiti hiari.

Mchangiaji wa pili:
Mnasahau mzizi wa jambo. Kisheria, redio za kawaida za Marekani (AM na FM) hulipa mtunzi na mchapishaji wake tu; hazilazimiki kumlipa mwimbaji wimbo unapopigwa hewani, mpaka leo. Ndiyo maana waimbaji na mameneja wao waling'ang'ania majina kwenye utunzi. Sheria ikimlipa mwimbaji kwa sauti yake, tamaa hiyo itapungua sana.

Mchangiaji wa tatu:
Mleta mada, nijibu hili. Mwimbaji Peggy Lee alipoirekodi "Fever" 1958 aliongeza beti zake mwenyewe, zile za Romeo na Juliet, ndizo watu wengi wanazozikumbuka. Kwenye utunzi yamebaki majina ya Davenport na mtunzi mwenzake Eddie Cooley. Kwa wimbo wa Blackwell huyohuyo, aliyenyimwa ni mwimbaji. Hapo unasemaje?

Mleta mada:
Umenibana, na ninakubali. Peggy Lee alitunga, basi naye aandikwe, kwa kiasi cha beti zake. Suala la redio nalo naliunga mkono: mwimbaji alipwe, ila kama mwimbaji. Kwa Elvis na "Don't Be Cruel" sijasogea. Mwenye ushahidi kwamba alitia mstari hata mmoja aulete hapa tuusome.