Suya yangu inaungua nje, ndani mbichi. Nakosea wapi?

BintiNgamiani
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mtu wa Tanga, nipo London mwaka wa kumi na moja huu. Nimekulia kwenye moshi wa mishkaki, baba mdogo alikuwa anachoma kila jioni, kwa hiyo swali hili linanitia aibu kidogo.

Suya, nyama ya kuchoma ya Wahausa wa Nigeria, niliionja mara ya kwanza Peckham, hapa hapa London, Januari, nimetoka kazini meno yanagongana. Mzee wa Kihausa akanikatia nyama juu ya gazeti, akanyunyiza unga mwekundu, akatupia vitunguu vibichi na nyanya, akafunga. Nilikula nimesimama kituo cha basi. Siku hizo nikienda nayo kazini wenzangu wanauliza kinanuka nini hicho. Mwaka huu tumekaa kupanga sherehe ya idara, hao hao ndio wa kwanza kusema "tuagize suya". Na mdomo wangu ukaniponza: nikasema msiagize, nitachoma mimi.

Jumamosi nikajaribu. Kilo mbili za sarara, nikakata vipande vya mishkaki kama nilivyozoea, nikapaka siagi ya karanga na pilipili ya unga, tangawizi na chumvi. Dakika tatu tu, mafuta yakadondokea mkaa, moto ukaruka. Nje nyeusi tii, ndani damu. Jirani akachungulia juu ya uzio kama nateketeza ushahidi.

Zimebaki wiki mbili. Wenzetu wanafanyaje?

MzeeWaZaria
Dada, pole. Nilisoma Zaria, kaskazini mwa Nigeria, miaka minne na nilikula suya kuliko nilivyosoma. Makosa yako ni matatu, ila la kwanza ndilo baba lao: siagi ya karanga.

Ule unga mwekundu wa suya unaitwa yaji, na karanga yake si karanga nzima. Wahausa wanasaga karanga, wanakamua mafuta, yale makapi yanayobaki wanayafinyanga na kuyakaanga. Hiyo ndiyo kulikuli. Kwa Kiswahili chetu ni mashudu ya karanga, ndiyo, mashudu, yale yale tunayompa ng'ombe. Ni makavu, ukigonga mezani yanalia. Unayatwanga na tangawizi kavu, pilipili, chumvi, na kimba, kile kiungo cheusi chenye maganda marefu. Karanga isiyo na mafuta haiwaki ovyo. Wewe umepaka nyama petroli.

Pili, umekata mishkaki. Suya inakatwa pana na nyembamba, ukiinyanyua uone mwanga upande wa pili, halafu inatungwa kwenye kijiti imelala. Ndiyo maana inaiva kabla yaji haijaungua.

Tatu, moto. Yule mchomaji wetu pale Zaria alikuwa hawashi mkaa chini ya nyama. Mkaa katikati, vijiti vimesimikwa kwenye mchanga kuuzunguka kama watu wanaota moto. Joto linaipata nyama ubavuni, mafuta yanadondokea mchangani. Anageuza kijiti kimoja kimoja, ananyunyizia mafuta ya karanga kidogo mwishoni. Hana haraka hata kidogo, na wewe umesimama pale na njaa yako.

Mvita_Damu
Nyama ya kupakwa mashudu! Ukwaju, ndimu, papai bichi la kulainishia, hayo huko kwenu London hamna? Mshikaki umekosa nini mpaka muukimbie?

BintiNgamiani
Kaka, mshikaki siukimbii, hata sasa umo kwenye friza. Lakini tuwe wakweli. Ikoyi, mkahawa wa hapa London wenye jina la mtaa wa Lagos, una nyota ya Michelin, ile tuzo kubwa ya migahawa, tangu 2018, na ya pili wakaipata 2022. Mwaka 2024 Chishuru wa mama Adejoké Bakare akapata yake, na Akoko nao mwaka huo huo. Sisi nyota yetu iko wapi? Tumekaa kusifiana wenyewe kwa wenyewe barazani.

@MzeeWaZaria Mungu akubariki. Hiyo kulikuli nitaipata wapi?

MamaPacha_Houston
Mwenzangu, duka lolote la Wanaijeria wanayo, hapa kwetu Houston zipo mpaka za pakiti ndogo. Ukikosa, kaanga karanga kavu, menya, saga kwa kushtuashtua tu, ukiiachia mashine inageuka siagi. Kisha ifunge kwenye kitambaa safi ukamue kwa nguvu zako zote. Mimi naweka na karafuu mbili tatu, Wahausa wanaziita kanumfari. Sikiliza hilo jina vizuri, utajua sisi na wao tulinunua kwa Mwarabu mmoja.

Ila jambo moja la maana: hiyo ni sherehe ya kazini. Uliza mapema nani ana mzio wa karanga, na uwachomee kwenye wavu mwingine kabisa. Yaji inaruka kama vumbi, na karanga haionekani kwa macho. Mwanangu mmoja tulimkimbiza hospitali kwa kijiti kimoja cha jirani.

BintiNgamiani
Nimerudi. Kulikuli nimeipata Peckham pale pale, nimeitwanga kwenye kinu cha mama, nyumba nzima inapiga chafya. Nyama niliigandisha nusu ndipo kisu kikakubali kukata nyembamba. Mchanga sina, nikapanga matofali kuzunguka mkaa na kuegemeza vijiti.

Haikuungua! Rangi ile ile ya kahawia, kingo zinakatika kwa meno. Tatizo ni kwamba kulikuli ya dukani tayari ina chumvi na mimi nikaongeza yangu, tumekunywa maji mpaka saa sita usiku. Kazini wenye mzio wa karanga ni wawili, nimeshawauliza. Hao watakula mishkaki. @Mvita_Damu, nitumie kipimo chako cha ukwaju.