Sauti imepotea baada ya kupandisha Ubuntu 22.04 kwenda 24.04, hata hedifoni za USB kimya

binti_kihonda

Wakuu habari za jioni, na wakubwa shikamooni. Laptopu yangu ni ya mtumba, Intel kizazi cha 8, imetumia Ubuntu 22.04 (mfumo wa Linux) muda mrefu bila kunisumbua. Wiki hii nikampelekea fundi mmoja hapa Morogoro anipandishie hadi 24.04, maana bando langu lisingetosha. Imerudi inawaka haraka kuliko zamani, ila sauti hakuna. Kwenye Settings, sehemu ya Sound, naona "Dummy Output" peke yake, hakuna kingine cha kuchagua.

Vitufe vya sauti nimebonyeza, nimezima na kuwasha. Hedifoni za kawaida, kimya. Hedifoni za USB zenye maiki, kimya vilevile. Kazi yangu ni kusikiliza mahojiano ya watafiti na kuyaandika, nalipwa kwa dakika ya sauti, na kuna faili zinatakiwa Ijumaa. Sasa hivi nasikilizia kwenye simu huku naandika kwenye laptopu. Kila nikitaka kurudia neno moja, naachia kibodi, nashika simu, narudisha nyuma, nimepitiliza, narudisha tena.

Fundi anasema spika zimeungua na anataka hela ya kuzibadilisha. Jamani, spika zinaungua siku ileile ya kupandisha toleo?

Chuma_Chakavu

Pole dada. Fungua terminali, andika `alsamixer`, bonyeza F6 uchague kadi ya sauti. Ukiona MM chini ya Master au Speaker, bonyeza M iwe 00. Mara nyingi huwa ni hiyo tu.

kijana_wa_script

Hiyo ni PipeWire, programu inayopeleka sauti kutoka kwa programu nyingine hadi kwenye spika. 22.04 ilikuwa inatumia ya zamani, PulseAudio, kuanzia 22.10 Ubuntu wakahamia PipeWire, na ukipandisha toleo mabaki ya zamani yanagombana na mapya. Futa zote, weka PipeWire upya. Ikigoma piga Ubuntu upya, nusu saa umemaliza.

Babu_Terminali

Marahaba binti. Usifute chochote kwanza. Ukiifuta PipeWire, apt, yaani ile ya kuweka na kufuta programu, inaweza kuburuta na vipande vya desktop vinavyoitegemea, halafu utarudi hapa na matatizo mawili. Na hii tabia ya "piga upya" kila kitu kikikohoa, vijana, ndiyo inayofanya mtu akae na Linux miaka mitano asijue hata `dmesg`, ile ya kusoma ujumbe wa keneli, ni nini.

Soma dalili zake vizuri. Hedifoni za USB hazipiti kwenye kadi ya sauti ya laptopu. Zina kadi yao ndogo ndani. Spika za laptopu zikiungua, hedifoni za USB zinahusikaje? Kadi mbili tofauti hazifi siku moja. Kwa hiyo hela ya spika usitoe.

Na hiyo "Dummy Output" inasema jambo. PipeWire iko hai, imetazama chini yake haikuona kadi hata moja, ikaweka ya bandia ili programu zisikwame. Kuibadilisha PipeWire hapo ni kubadilisha bomba la jikoni wakati maji hayajafika mtaani. Tuanzie chini, kwenye keneli, kile kiini cha mfumo kinachoongea na vifaa. Andika hizi, moja moja, ubandike majibu yote bila kunifupishia:

`uname -r`
`aplay -l`
`lspci -nnk | grep -A3 -i audio`
`sudo modprobe snd_hda_intel`

binti_kihonda

Asante babu. @Chuma_Chakavu, alsamixer haifunguki kabisa, inasema "cannot open mixer: No such file or directory". Majibu ya hizo nyingine, kwa mpangilio uleule:

`6.8.0-51-generic`

`no soundcards found...`

`00:1f.3 Audio device [0403]: Intel Corporation Sunrise Point-LP HD Audio [8086:9d71]`
(chini yake kuna mstari wa Subsystem tu, basi)

`modprobe: FATAL: Module snd_hda_intel not found in directory /lib/modules/6.8.0-51-generic`

Babu_Terminali

Basi jibu limejileta lenyewe.

Tazama jibu la lspci, ile inayoorodhesha vifaa vya ndani. Kifaa cha sauti kinaonekana kwenye bodi, kwa hiyo hakijafa. Ila chini yake ungepaswa kuona mstari wa "Kernel driver in use: snd_hda_intel". Haupo. Na modprobe imekwambia sababu: faili la draiva, programu ya kuendesha hicho kifaa, halipo kabisa kwenye diski. Halijaharibika wala halijazimwa. Halikuwekwa.

Kwenye Ubuntu draiva za keneli zimegawanywa pakeji mbili: `linux-modules` yenye za lazima, na `linux-modules-extra` yenye nyingine nyingi, zikiwemo za sauti. Ukiweka `linux-image-generic`, zote mbili zinakuja. Ukiweka keneli kwa namba yake, yaani `linux-image-6.8.0-51-generic` peke yake, hiyo extra haiji. Fundi wako kafanya hivyo, nadhani kwa kubana bando, kwa sababu extra si pakeji ndogo. Mashine inawaka vizuri, yeye anaona kazi imekwisha. Hakikisha:

`dpkg -l | grep linux-modules`

Ukiona modules bila extra ya namba ileile, endelea:

`sudo apt update`
`sudo apt install linux-modules-extra-$(uname -r)`
`sudo modprobe snd_hda_intel`
`systemctl --user restart wireplumber pipewire pipewire-pulse`

Ile ya mwisho usiitie sudo, hizo huduma ni za mtumiaji, si za mfumo.

binti_kihonda

IMETOKA! Nilipoandika modprobe tu spika zikapiga "tap" ndogo, moyo ukaruka. Nikarestati hizo huduma, "Dummy Output" ikaondoka, ikaja "Speakers". Nimefungua faili la kwanza, mkulima wa Mvomero anaeleza bei ya mpunga, namsikia mpaka jogoo wake nyuma. Za USB nazo zinafanya kazi, nimezichomoa na kuzichomeka tena tu. Mungu akuweke babu. Kuna la zaidi la kufanya au niendelee na kazi?

Babu_Terminali

Endelea na kazi. Ukishakabidhi faili zako, tafuta Wi-Fi ya mtu mkarimu uandike `sudo apt install linux-generic`. Bila hiyo keneli haitakuwa inajiapdeti, na siku mtu akikuwekea nyingine kwa namba, sauti itapotea tena. Inaweza kushusha keneli mpya pamoja na extra yake, mamia ya MB, ndiyo maana nakwambia usiiguse kwa bando lako kabla ya Ijumaa.

kijana_wa_script

Nimekubali babu. Ila mimi niko Linux Mint 22, spika kimya lakini `aplay -l` inaonyesha kadi. Nayo ni modules-extra?

Babu_Terminali

Hapana. Kadi ikionekana, keneli imeshafanya kazi yake, panda juu. Sasa hapo ndipo PipeWire yako inapoingia, maana Mint 22 imejengwa juu ya 24.04 na nayo imehamia huko. Weka `pavucontrol`, nenda Configuration, angalia profaili. Ikiwa imekaa HDMI, sauti inapelekwa kwenye skrini ambayo hujachomeka. Chagua Analog Stereo Duplex. Baada ya hapo `wpctl status` itakuonyesha kwa nyota sauti inatokea wapi.

Isipokuwa kama mashine yako ni Intel kizazi cha 11 kuendelea. Hizo nyingi zinahitaji fimuwea ya SOF, yaani programu inayopakiwa ndani ya kifaa chenyewe cha sauti. Andika `sudo dmesg | grep -i sof`. Ukiona "failed with error -2", faili la fimuwea halipo, weka `firmware-sof-signed` uwashe upya.

kijana_wa_script

Ilikuwa HDMI. Nilikuwa nimeichomeka kwenye TV ya sebuleni Jumapili.