Baridi inakuja: nianze na betri mpya ya gari, halafu nini?

Mgeni wa Theluji:
Wakuu, naombeni ushauri. Huu utakuwa msimu wangu wa kwanza wa theluji nikiwa na gari langu mwenyewe. Ni la petroli, linavuta kwa magurudumu yote manne, na umri limekula. Litalala nje usiku kucha, nami hutoka alfajiri kukiwa bado giza, njia yenyewe ina mteremko mrefu. Kinachoninyima usingizi ni gari kugoma kuwaka asubuhi. Hela ya betri mpya nimeshaitenga. Matairi ni ya kawaida lakini meno yake bado marefu, na kwa kuwa miguu yote inavuta, nadhani hayo yatatosha. Baada ya betri nishike nini?

Fundi Spana:
Mkuu, betri nitaifikia, ila mpangilio wako ugeuze. Gari likigoma kuwaka umebaki nyumbani mzima. Likigoma kusimama kwenye huo mteremko, hali ni nyingine kabisa.

Kuvuta kwa magurudumu manne kunakusaidia kuondoka, basi. Kusimama ni kazi ya mpira unaogusa barabara, na breki za magurudumu manne kila gari linazo. Magari ya aina yako nimeyaona mengi yakivutwa kutoka mitaroni, kwa sababu dereva akishaona gari linaondoka vizuri kwenye theluji huamini litasimama vizuri vilevile.

Mpira wa tairi la kawaida huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, hata barabara iwe kavu. Meno marefu hayasaidii kama mpira wenyewe umekuwa mgumu kama plastiki. Chungulia ubavuni mwa tairi: unatafuta mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Hilo limepimwa kwenye theluji. Herufi M+S (matope na theluji) peke yake hazikuhakikishii hivyo. Na ufunge manne, tafadhali. Ukifunga mawili ya mbele tu, siku utakayokanyaga breki kwenye kona, nyuma itahama na gari litazunguka. Kina cha meno kikishuka chini ya milimita 4 usilitegemee tena kwenye theluji, ijapokuwa nchi nyingi huruhusu mpaka 1.6.

Upepo wa tairi nao hupungua kwa baridi, takriban psi 2 (psi ndicho kipimo cha upepo huo) kwa kila nyuzi 10 zinazoshuka. Pima asubuhi kabla hujatembea.

Sasa betri. Baridi huipunguzia nguvu wakati uleule ambao oili imekuwa nzito na stata, ile mota inayozungusha injini iwake, inahitaji nguvu zaidi. Kabla hujatoa hela, ipime: gari likiwa limelala saa kadhaa, volti 12.6 maana yake imejaa, 12.2 iko nusu. Safisha vichwa vyake ule ungaunga mweupe utoke, kaza waya, hakikisha na oltaneta, jenereta ya gari, inaichaji. Inawezekana kabisa hiyo betri ni nzima. Ukilazimika kununua, angalia amperi za kuwashia kwenye baridi, zisiwe chini ya zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari. Na betri iliyoganda usiibusti (kuiwasha kwa umeme wa betri nyingine) wala kuichaji, inaweza kulipuka. Iingize ndani iyeyuke kwanza.

Oili weka ile kitabu kinayoiruhusu kwa baridi. Namba iliyo kabla ya herufi W kwenye kopo ikiwa ndogo, oili inatiririka vizuri zaidi injini ikiwa ya baridi.

Dereva wa Zamu:
Fundi kasema kweli tupu. Mimi naongeza mambo ya kuona. Maji matupu kwenye tangi la kuoshea kioo yataganda na kuua pampu, kwa hiyo weka dawa ya msimu wa baridi. Asubuhi kwangua vioo vyote pamoja na taa, na theluji ya juu ya paa iondoe yote, maana ukifunga breki inateremkia kioo cha mbele. Usimwagie kioo maji ya moto, kitapasuka. Ndani kukiwa na ukungu, washa kiyoyozi pamoja na hita na ufungue hewa ya nje. Kiyoyozi hukausha hewa.

La mwisho nakusihi ulishike. Ukikwama kwenye theluji na unataka kuwasha injini upate joto, shuka kwanza uchimbue bomba la moshi. Likiziba, hewa ya sumu ya moshi inaingia ndani, haina harufu, na watu hufa wakiwa wamekaa vitini. Beba koleo, blanketi, tochi, waya za kubustia na mchanga kidogo wa kumwaga chini ya tairi. Tangi la mafuta lisishuke chini ya nusu.

Mgeni wa Theluji:
Asanteni sana. Nimekwenda kutazama, matairi yangu hayana huo mchoro. Basi hela ya betri inahamia huko, na betri naipima kesho. Swali moja: kwenye rejeta, nikiweka kulanti (dawa ya kupozea injini) tupu bila maji si ndiyo itahimili baridi zaidi?

Fundi Spana:
Hapana mkuu, usifanye hivyo. Kulanti ya glikoli ikiwa tupu huanza kuganda kwenye nyuzi 13 hivi chini ya sifuri. Ukiichanganya nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa inahimili mpaka karibu 37 chini ya sifuri, na tena hupoza injini vizuri kuliko ikiwa tupu. Kama kuna mtu aliwahi kuongeza maji ya bomba kila ilipopungua, huo mchanganyiko umeshakuwa mwepesi. Peleka wakupime, kipimo chake ni kidogo na hakichukui muda. Maji yakiganda hutanuka, na yanaweza kupasua bloku ya injini.

Na kwa kuwa gari linalala nje: usiku wa baridi kali, kama umeegesha sehemu tambarare, hendibreki usiivute kwa sababu inaweza kugandia hapohapo. Acha kwenye gia, au kwenye P kama ni otomatiki, uweke na kigingi kwenye tairi. Kwenye mteremko ivute kama kawaida.