Maumbo kwenye slaidi kwa skripti: makro ya PowerPoint, python-pptx au Google Slides?

Msanifu_Maji:
Habari za jioni wakuu. Kila mwezi naandaa slaidi za miradi ya maji vijijini kwa ajili ya kikao cha wilaya. Kila kata ina slaidi yake na mchoro wake: chanzo, pampu, tangi, vituo vya kuchotea maji, kila kimoja ndani ya kisanduku, mishale ikionyesha maji yanakoelekea. Kisanduku cha kijani maana yake kinafanya kazi, cha njano kina hitilafu, chekundu kimesimama. Data zote ziko Excel. Nataka kompyuta ichore yenyewe. Sharti ni moja: injinia lazima aweze kusogeza kisanduku au kubadili maneno papo hapo kikaoni, kwa hiyo picha ya kubandika haifai. Mngechagua njia ipi?

DadaMakro:
Kama PowerPoint unayo tayari, makro, yaani skripti inayoandikwa na kuendeshwa ndani ya programu za Office zenyewe. Bonyeza Alt+F11 kufungua dirisha la msimbo, andika `Shapes.AddShape(msoShapeRoundedRectangle, 60, 120, 140, 60)`, na kisanduku hicho hapo. Namba mbili za mwanzo ni umbali kutoka kushoto na kutoka juu, mbili za mwisho ni upana na kimo. Zote ni pointi, na inchi moja ina pointi 72.

Kwako wewe ningeiweka makro ndani ya Excel yenyewe, iifungue PowerPoint na kuchora. Hivyo wanaopokea slaidi wanapata faili la pptx la kawaida lisilo na makro. Hili si dogo: tangu 2022 Microsoft inazuia makro zilizo kwenye mafaili yaliyotoka intaneti, na mtu wa wilayani hawezi kuhangaika na onyo jekundu dakika tano kabla ya kikao.

FundiKodi:
Mimi ni python-pptx, maktaba ya lugha ya Python inayotengeneza mafaili ya PowerPoint. Haihitaji PowerPoint kabisa, inafanya kazi hata kwenye Linux, na unaweza kuipangia ijiendeshe usiku. Umbo linaloingia ni umbo halisi, lile lile ambalo injinia angelichora kwa mkono.

Mambo ya kuangalia. Ukianza na `Presentation()` bila kiolezo (faili la mfano la kuanzia), unapewa slaidi ya inchi 10 kwa 7.5, wakati PowerPoint ya sasa hufungua ya inchi 13.33 kwa 7.5. Mpangilio wote utakaa upande mmoja. Ipe kiolezo cha ofisi yenu tangu mwanzo. Kwa vipimo tumia `Cm()` au `Inches()`, maana ndani ya faili kila kitu huhesabiwa kwa EMU, kipimo kidogo sana cha ndani ya Office, 360,000 kwa sentimita moja, na hakuna binadamu wa kufikiri kwa namba hizo.

Mishale ndiyo inayotenganisha kazi nzuri na mbovu. Usichore mstari mtupu kati ya visanduku viwili. Tumia `add_connector`, kisha `begin_connect` na `end_connect` kuishikiza ncha zake kwenye visanduku. Namba za sehemu za kushikia kwenye mstatili: 0 ni juu, 1 kushoto, 2 chini, 3 kulia. Injinia akisogeza tangi, mshale unalifuata. (Kwenye makro hesabu inaanzia 1, msichanganye.)

Binti_Tanga:
Mkiwa wengi mnaohariri slaidi moja kwa wakati mmoja, Google Slides na Apps Script (skripti za Google zenyewe) ina raha yake. `insertShape` nayo inapokea pointi, na data inasomwa moja kwa moja kutoka Google Sheets. Lakini kila skripti hukatwa ikifika dakika 6, na mtandao ukilegea kazi imesimama. Msanifu, kama slaidi zitaishia kwenye PowerPoint ya ukumbini, sikushauri. Fonti hubadilika faili likishushwa, maneno yanaruka mstari.

Mzee_Kiolezo:
Wote mnachora upya. Kwa nini? Chora slaidi moja kwa mkono, vizuri. Fungua orodha ya maumbo kwa Alt+F10, kipe kila kisanduku jina: `pampu`, `tangi`, `kituo_1`. Skripti iwe na kazi mbili tu, kubadili rangi na kubadili maneno. Mpangilio unabaki wa mtu mwenye macho, na siku ukitaka kuhamisha nembo huhitaji kugusa msimbo.

Na hapa DadaMakro anashinda: makro ina `Duplicate` ya kunakili slaidi nzima. Python-pptx haina amri hiyo.

FundiKodi:
Mzee nakubali, lakini kata zenye vituo vitatu na zenye vituo saba utazifanyaje kwa slaidi moja?

Mzee_Kiolezo:
Weka saba, futa visivyohitajika. Makro inafuta kwa `Delete`, na mshale wake ufutwe pamoja nacho.

Mwl_Grafu:
Naomba mtu asisahau rangi. Kijani na nyekundu kuna wasioweza kuzitofautisha, na makabrasha ya kikao huchapwa kwa wino mweusi. Andikeni "Kimesimama" ndani ya kisanduku. Halafu majina marefu ya vijiji: skripti ya Python ikiweka maneno, PowerPoint haiyapunguzi yenyewe mpaka mtu aguse kisanduku. Pangeni ukubwa wa herufi kulingana na urefu wa jina.

Msanifu_Maji:
Asanteni sana. PowerPoint ninayo na Excel ninayo, kwa hiyo naenda na slaidi ya Mzee ya vituo saba, makro ikikaa Excel kama alivyosema DadaMakro, na hali ya kila kifaa itaandikwa kwa maneno. FundiKodi, mishale nitaiunganisha kwa mkono mara moja kwenye slaidi mama. Je, nikinakili slaidi, itabaki imeshikana?

DadaMakro:
Inabaki, mradi unakili slaidi nzima na siyo kisanduku kimoja kimoja.