Mratibu wa makala zisizo na majina katuma .docx ghafi!!

MkataMatawi:
Wakuu, nimevurugwa. Yule mratibu, mnamjua wote, katuma makala za zamu hii kwenye kundi la mabwana shamba wa zabibu vilevile alivyozipokea. .docx, faili la Word! Ghafi, na majina ndani!

Utaratibu tunaujua: unaandika, unamtumia yeye, anachezesha kura ya bahati, makala yako inatoka kwenye ukurasa wa mwenzako, watu wanabashiri wiki nzima nani kaandika. Kazi ya mratibu ni kufuta majina, basi. Kwenye kompyuta unafungua Faili, Maelezo, unaingia kwenye kukagua hati, unaondoa taarifa binafsi, unahifadhi. Mbuzi wa mnada wa Msalato angeifanya kwa kwato!

Sasa badili .docx iwe .zip, fungua docProps, humo core.xml: aliyeandika huyo, aliyehariri mwisho huyo. Na kuna mtu kaandika kwamba bosi wake anawagawia wakulima dawa ya salfa kutibu ubwiri vinyoya, ule ugonjwa wa ukungu wa mizabibu. Bosi yumo kundini! Ghafi, jamani!

NkuhunguKwetu:
"Ghafi" tumeisikia mkuu, hema kwanza. Maoni ya pembeni nayo yanabeba jina, na marekebisho yenye rangi pia. Na wewe kwa nini hukufuta kabla ya kumtumia?

MkataMatawi:
Kwa hiyo kosa langu? Aliyebonyeza tuma nani? .docx!!

MzeeWaSalfa:
Kufuta jina tu hakutoshi, vijana. Zile makala za Marekani za 1787 na 1788 zilizosainiwa Publius, 12 zilibishaniwa miaka na miaka nani kaziandika. Wanatakwimu Mosteller na Wallace wakahesabu maneno madogo tu, mfano "upon", na 1964 wakaonyesha zinaelekea kwa James Madison, mmoja wa waandishi wake. Wewe MkataMatawi na "jamani" zako, nani atashindwa kukubaini?

BintiHombolo:
Afadhali nyie jina. Mimi kero yangu picha! Watu wanatuma picha ya shamba WhatsApp kama hati, inabaki na GPS ndani. Ukiitumia kama picha ya kawaida inavuliwa. Jina limefichwa, mzabibu unaonekana mpaka mstari wa ngapi.

MkataMatawi:
Tusitoke kwenye mada. Bosi KAONA. Ghafi!

MzeeWaSalfa:
Ila huyo mwandishi yuko sahihi. Salfa ni ya ubwiri unga. Vinyoya vinataka dawa ya shaba, tena upulize mpaka chini ya jani, ndiko ule ukungu mweupe unakokaa, na uwahi kabla mvua haijakolea.

BintiHombolo:
Na wanaopuliza salfa saa nane mchana je? Joto likipita nyuzi 32 majani yanaungua, halafu lawama kwa bwana shamba. Puliza asubuhi!

NkuhunguKwetu:
Asubuhi upepo wa huku unaujua? Nusu ya dawa inaishia kwa jirani.

BintiHombolo:
Basi jioni, ukitulia. Na usichanganye na dawa ya mafuta, acha wiki mbili katikati.

NkuhunguKwetu:
Hapo sawa. Mfuko wa kilo 25 mjini shilingi ngapi sasa hivi?