Tupeane uzoefu: chumba umeshakabidhi, ndege ni usiku, mabegi unayo (Mji Mkongwe, Zanzibar)

Wakuu, nyumba nyingi za wageni Mji Mkongwe hutaka chumba saa nne au saa tano asubuhi. Ndege ikiwa ya saa nne usiku, una muda wa saa tisa hivi kabla ya kuhitajika uwanjani. Wenye ujuzi tuelekezeni, kwa undani.

Mapokezi_Usiku
Zungumza na mapokezi jioni ya kuamkia safari, siyo asubuhi watu wakiwa wamejipanga. Uliza mambo mawili tofauti: pa kuweka begi, na pa kuoga. Begi kwa kawaida hulipii, lakini bafu si kila nyumba wanalo la kumpa mtu aliyekwisha kutoka. Bafu lisipopatikana, omba chumba cha nusu siku. Msimu wa masika, Machi hadi Mei, wageni hupungua na bei inazungumzika. Mwenye mtoto mdogo asibane pesa hapo.

Kabla ya kufunga begi, weka juu kabisa mfuko mmoja wenye nguo za safari, taulo, sabuni na mswaki. Wengi huvizika chini, kisha jioni wanapekua begi zima mbele ya kaunta. Tia kufuli, bandika jina na saa utakayorudi, lipige picha. Pasipoti, dawa, pesa na kompyuta usiviache.

Mpita Vichochoro
Gari haifiki kwenye milango mingi ya Mji Mkongwe. Panga na dereva mahali pa kukutana, na pima kwanza kwa miguu. Magurudumu madogo ya begi hung'oka kwenye mawe. Libebe, au chukua hamali mwenye mkokoteni na mpatane bei kabla hajapakia. Uwanja uko kilomita 7 hivi, ila jioni usiamini umbali.

Na msikimbilie uwanjani saa nane mchana. Kaunta za mizigo kwa kawaida hufunguliwa kama saa tatu kabla ya ndege, kwa hiyo utakaa na begi lilelile unalolikimbia.

Bamvua
Kwa wanaozamia na mitungi, hili si la kujadili: baada ya kuzamia mara moja subiri angalau saa 12 kabla ya kupanda ndege, ukizamia mara kadhaa au siku mfululizo, angalau 18. Naitrojeni iliyoyeyuka mwilini hutoa mapovu shinikizo la hewa linaposhuka. Siku ya mwisho baki juu ya maji.

Wa kuogelea tu, tazama maji. Kutoka kujaa hadi kupwa ni kama saa sita, na upande wa Paje na Jambiani, pwani ya mashariki, yakitoka yanakwenda mbali sana. Ukitaka maji ya mwisho huko, hesabu zaidi ya saa moja ya barabara hadi mjini. Nguo mbichi zisuuze kwa maji baridi, zikamue ndani ya taulo, anika mapema.

Mama Mizani
Power bank huwekwa kwenye begi la mkononi, kamwe si la chini (lile unalokabidhi kaunta). Kikomo cha kawaida ni Wh 100 (kipimo cha nishati ya betri). Ya mAh 20,000 ni kama Wh 74, inapita. Achali na asali ni vimiminika: zaidi ya ml 100 ziende begi la chini, mfuniko umezungushiwa plastiki. Doriani kuleni hapahapa, mashirika mengi hayaikubali kwa harufu. Gamba la kasa na matumbawe acheni kabisa, biashara yake inabanwa na sheria za kimataifa.

Mpita Vichochoro
Nimesahau chakula. Forodhani, soko la chakula la usiku, huchangamka magharibi, kwa hiyo wa ndege ya saa tatu usiku asiitegemee, ale mchana. Ijumaa maduka mengi hufungwa wakati wa sala. Ramadhani migahawa mingi haifunguliwi mchana, hivyo ulizeni hoteli kama watawapikia kabla hamjakabidhi ufunguo.

Abiria wa Bandarini
Wanaopandia ndege Dar: boti ya mwendo kasi huchukua kama saa mbili, kisha kusubiri mizigo, kisha foleni ya kutoka bandarini jioni. Kwa ndege ya saa nne usiku, ya mchana ndiyo ya kukata. Ya saa kumi inakuacha huna nafasi hata ya kuchelewa kidogo.