Kansa ya ngozi, naogopa kovu usoni

Binti wa Mwaloni: Shikamooni wakubwa, mimi ni albino naanika dagaa Kirumba, Mwanza, kidonda cha shavuni kimegoma kupona wakakata kipande kidogo cha nyama kupima, majibu ni kansa, wiki ijayo wanakata na kusema kweli kovu ndo linaninyima usingizi, mlivumiliaje?

Mama Igoma: Marahaba, pole mwanangu. La kwangu la sikioni lilikuwa jekundu limetuna, sasa mpaka nivue kilemba ndo ulione. Kakate, ikiachwa inachimba.

Mzee wa Kofia: Kovu bichi usilipeleke juani. Kidonda kikishafunga paka Kilisun, mafuta ya kukinga jua, wanatengeneza Moshi kwa ajili yetu albino. Kofia pana je?

Binti wa Mwaloni: Ninayo ila upepo wa ziwa unaibeba, ntaifunga kamba 😂